Muuza samaki wa Kangemi aliyeomba mzigo wake upunguzwe

Saa moja asubuhi inamkuta Veronicah Oduor ameinama juu ya katoni iliyoloa maji katika Soko la Kangemi, akifanya kazi ambayo hakuna muuza samaki mwingine hapa huifanya. Anachambua mzigo, na kila akikutana na samaki mwenye ndevu anamwingiza kidole gumba kinywani, anamfungua na kumchungulia kooni.

"Daktari wa meno amefungua kliniki!" anapaza sauti Lornah, msusi wa meza ya pili, huku akigawanya nywele za mteja wake kwa kitana.

"Wewe ngoja, nikimaliza hawa nakuja kwa hiyo mdomo yako," anamjibu Veronicah bila kuinua kichwa.

Kicheko kinapita meza hadi meza. Lakini ukimtazama Veronicah machoni unaona kwamba yeye hachezi. Anatafuta kitu ambacho anamwomba Mungu asikipate, na asipokipata, biashara yake mwenyewe ndiyo itakayobeba hasara.

Samaki huyo watu wa Pwani humwita hongwe. Hana magamba, ana ndevu ndefu, na miiba yake huchoma hata akiwa amekufa juzi. Kovu liko kwenye kiganja cha Veronicah, na yeye hulionyesha bila kuombwa. Wateja wa Kangemi, ambao wengi wamekua wakila samaki wa ziwa, hawakulijua jina lake, basi wakampa la kwao: Baba Ndevu.

Hongwe hakuna aliyemwendea majini. Wanaotafutwa ni kamba, wale uduvi wakubwa. Nahodha Abdulfatah, mwenye boti ndogo ya injini inayokokota wavu mdomoni mwa Mto Tana, hungoja mto ufurike na maji yageuke tope, kwa maana hapo ndipo kamba wa mtoni hutoka kwa wingi. Wavu wake una matundu madogo, na unapoburutwa chini haumuulizi mtu jina. Unazoa kamba, na pamoja nao chaa wachanga, ngisi, papa wa urefu wa mkono, taa, yule samaki bapa, wa ukubwa wa sahani, na hongwe.

Zamani hao wengine walimwagwa baharini, wengi wakiwa wameshakufa. Aliyekataa ni dadake nahodha, Bi Mabruka, mwenye duka la samaki wa barafu katika kichochoro kimoja cha River Road, hapa Nairobi. Alisema kumwaga riziki ni kumkufuru aliyeitoa. Wagandishwe, waletwe mjini. Akaanza kuulizia wa kuwanunua, akaambiwa yuko mama mmoja Kangemi asiyechagua.

Tangu hapo, yapata miaka sita sasa, mzigo wa wavu mmoja hupanda pikapu moja. Ikitoka mjini, pikapu hupita Westlands kwanza na kushusha kamba kwenye milango ya nyuma ya mikahawa, kisha hufuata Waiyaki Way hadi Kangemi kuwashusha wale ambao hawakutafutwa.

"Wakubwa wanashukia Westlands, sisi wadogo tunamaliza safari," anasema Veronicah akicheka. "Lakini sufuria ya Kangemi pia inataka samaki."

Na kweli inataka. Kwenye meza hii mfua nguo, mbeba mawe na yaya wa kutwa hupata kipande cha samaki wa kukaanga kwa shilingi thelathini, na anayekuja na mtoto huongezewa mkono wa ngisi bila kulipa. Siku nzuri Veronicah hubaki na shilingi mia nane. Siku ya mvua hubaki na mia mbili, na kwa hizo mia mbili humshukuru Mungu kwa sauti mpaka Lornah amwambie apunguze. Kwa meza hii alimalizia kumsomesha Debra, kifungua mimba wake, ambaye leo ni mwalimu wa chekechea kule Kinoo.

Katika mwaka wa kwanza wa mzigo huo ndipo Veronicah alipoingia katika aibu ambayo Bi Mabruka humsimulia kila mgeni anayeketi dukani mwake.

Alikuwa anamsafisha hongwe mkubwa, akaona kichwa kizito kuliko kawaida. Akafungua kinywa. Ndani mlikuwa mmejaa vitu vya mviringo, vya manjano, vikubwa kama gololi za kuchezea watoto.

"Mimi nilijua nimeibiwa," anakumbuka. "Kwetu kule ziwa kuna wale hujaza samaki mawe ndio kilo ipande. Nikasema, hawa watu wa Coast wananiona mjinga. Nilifunga hiyo samaki na gazeti, nikavua aproni, nikaenda tao na miguu mpaka River Road. Hasira haikunipea nafasi ya kungoja gari."

Bi Mabruka, mama wa miaka sitini na ushei, alikuwa nyuma ya friji akimenya kamba wa wateja wake wa Westlands. Hakusalimiwa. Gazeti lilitua mbele yake.

"Hii ni nini mmeniwekea? Kwani siku hizi mnauza gololi?"

Bi Mabruka alilifungua gazeti, akatazama, akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkatika. Akaenda kunawa mikono, jambo lililomshangaza Veronicah, ndipo akarudi na kumwinua yule samaki kwa mikono miwili.

"Si gololi hizi, mwanangu. Ni mayai. Ni wanawe."

"Ati anakula watoto yake?"

"Hasha! Yuwawabeba. Na huyu si mama, huyu ni baba. Mama hutaga akenda zake. Baba huyaokota mayai akayatia kinywani, akakaa nayo mpaka watoke watoto wenye mikia. Mwezi, na kuzidi."

"Na huo mwezi yote anakula aje?"

"Hali. Akila, si atawameza?"

Kwamba samaki aweza kulea kwa kinywa halikuwa jambo geni kwa Veronicah. Amezaliwa Seme, kando ya ziwa, na tangu utotoni amejua kwamba ngege, yaani sato, huwaficha wanawe mdomoni. Lakini kwa ngege anayebeba ni mama. Kilichomgusa ni hilo neno dogo la Bi Mabruka, kwamba huyu baba hali. Aliomba kiti.

"Wavu ukiwabana, wengi huwatema wana wao wapate kuhema," Bi Mabruka aliendelea, taratibu. "Huyu hakutema."

Ili kuelewa kwa nini mwanamke mzima alilia mbele ya friji la samaki River Road, ni lazima uingie katika chumba chake cha kupanga Kangemi na ukutane na mumewe.

Ochola Oduor alikuwa fundi wa mawe. Ana jasho lake katika ghorofa mbili tatu za Westlands, na moja kati ya hizo ndiyo iliyomwangusha. Mgongo ulipona nusu. Debra alikuwa darasa la pili na wadogo zake wawili bado wananing'inia miguuni. Ikawa Veronicah ndiye anayetoka na beseni la omena kichwani, na Ochola ndiye anayebaki. Alipika, akafua, akaosha watoto, akajifunza hata kumsuka Debra nywele, mistari ikienda upande kama barabara ya mlimani. Majirani wanaume wa ploti walimcheka, wakasema fundi amekaliwa na mke.

"Waliongea wakachoka," anasema Ochola, mtu wa maneno machache na tabasamu la upande mmoja. "Mimi nilikuwa na kazi."

Jioni aliwapakulia watoto, kisha mkewe. Sahani yake mwenyewe haikuonekana. "Nilionja nikipika, nimeshiba," ndio ulikuwa wimbo wake wa kila siku, na Veronicah, aliyekuwa akiingia nyumbani amechoka hoi, aliuamini. Miaka ilipita. Ukweli aliupata kwa Debra, akiwa tayari msichana mkubwa, siku moja wakiosha vyombo.

"Mama, Baba alikuwa anakula ukoko tu," Debra alimwambia. "Ile ya kukwangua sufuria. Na siku zingine hata hiyo alituachia."

Veronicah hakumwambia mumewe kwamba amejua. Angeanzia wapi? Alilimeza neno hilo, akakaa nalo. Halafu siku moja akafunua kinywa cha samaki.

"Nililia pale kwa Bi Mabruka mpaka watu wakauliza ni nani amefariki," anasema. "Ningewaambia nini? Nimefiwa na samaki?"

Tangu siku hiyo hakuweza kuwauza hongwe wenye mayai. Aliwaweka kando katika beseni la buluu, na mara ya kwanza alitaka kuwatupa. Ochola alimzuia, bila kujua sababu ya huruma hiyo yote. "Amekufa, amekufa," alimwambia. "Ukimtupa umemuua tena. Leta nyumbani." Wakawa wanawapika wao, na hiyo ndiyo ikawa desturi ya nyumba: wa mayai hauzwi.

Lakini desturi haimrudishi mtu majini. Msimu wa mafuriko unaowaleta kamba ndio huohuo unaowakuta hongwe na watoto kinywani, na msimu uliopita beseni la buluu lilikuwa likijaa kila mzigo ulipofika. Veronicah akaenda tena River Road, safari hii amesalimia vizuri, akauliza kama hakuna njia ya kuwaacha hukohuko.

Bi Mabruka alitafuta pa kuweka macho. Kisha akasema kweli.

Njia ilikuwepo. Wataalamu wa uvuvi walikuwa wamepita kijijini kwao na kuwaonyesha manahodha wavu wenye dirisha. Ni kipande cha matundu makubwa kinachoshonwa upande wa juu wa mfuko wa wavu. Kamba si mwogeleaji wa nguvu, hivyo hubaki chini; samaki mwenye mbavu huinuka, akaona mwanya, akaenda zake. Abdulfatah alilipenda dirisha hilo. Alipewa moja, akalikunja, akaliweka darini.

"Nikamuuliza, mbona hulitii wavuni?" Bi Mabruka anasimulia. "Akanambia, 'Mabruka, nikiwafungulia hawa, yule mama wa Kangemi atakula nini?'"

Veronicah anaposimulia sehemu hii, mikono yake inaacha kuchambua.

"Kumbe ni mimi," anasema. "Kumbe hiyo dirisha ni mimi nimeifunga. Na huyo mzee hata hanijui, ananihurumia tu."

Hapa mwandishi alitaka kutafuta mwenye kosa, akamkosa. Hao samaki walipokuwa wakimwagwa, walikuwa aibu ya nahodha, na mtu huitafutia aibu dawa. Walipopata mnunuzi wakageuka kuwa mzigo, na nani hutoboa mfuko wa mzigo wake? Bi Mabruka alikataa ufujaji. Veronicah alilisha wasio nacho. Nahodha alimhurumia mama asiyemjua. Kila mtu alifanya wema, na hongwe akabaki wavuni.

Jioni ya siku aliyotoka River Road, Veronicah alimweleza mumewe.

"Nikisema wafungue, meza inaisha," alimwambia.

"Haiishi. Inakuwa nusu."

"Nusu ya hiyo kidogo ni nini, Baba Debra?"

Ochola alifikiri. "Nyar Seme," alimwambia, binti wa Seme, jina analomwitia neno likiwa zito. "Sisi tumewahi kula kidogo. Hatukukufa."

Ndipo lile neno alilokuwa amelikalia likatoka.

"Sisi nani?" Veronicah alimgeukia kwa ukali ambao hata yeye hakuutarajia. "Mimi nilikula. Watoto walikula. Wewe ulikula ukoko. Unadhani sijui?"

Ochola alitazama mikono yake.

"Debra ana mdomo," alisema.

Wakacheka, wote wawili, kicheko kibaya chenye machozi ndani, na wote wawili wanakubali kwamba hawakumbuki nani alianza kulia. Kisha Veronicah akatoa sharti lake. Atamwambia nahodha afungue. Lakini wakipungukiwa tena, wanapungukiwa pamoja. Sahani mbili mezani, na ya Ochola ataiona ikiliwa kwa macho yake.

"Nilikubali," anasema Ochola. "Ningefanya nini? Huyu mama hukunja ngumi."

Ujumbe wa sauti ulitumwa kupitia simu ya Bi Mabruka, ambaye hadi leo ameuhifadhi na humchezea anayetaka kuusikia. Sauti ya Veronicah inasikika ikijikaza: "Nahodha, salamu sana. Mimi ni ule mama wa Kangemi. Asante kwa kunifikiria, Mungu akubariki. Sasa mimi nakuomba ufungue hiyo dirisha. Usiogope, mimi nitajipanga."

Jibu lilikawia mpaka akadhani amemuudhi mzee wa watu. Lilipokuja lilikuwa na upepo ndani yake na kicheko: "Mama, nimesikia. Dirisha nimelitoa darini, nalishona. Kamba nao wakitoroka, jua mimi na wanangu twaja kula kwako."

Mto umefurika tena. Katoni iliyo mbele ya Veronicah asubuhi hii ndiyo ya kwanza kutoka katika wavu wenye dirisha, na ndiyo sababu ya daktari wa meno kuamka na haraka.

Anawatoa chaa. Anawatoa ngisi. Papa hayumo. Hongwe wa kwanza anatokea, mdogo wa ukubwa wa kiganja, na kidole gumba kinaingia: kinywa kitupu. Wa pili naye ni mdogo: kitupu. Anakung'uta barafu, anapekua pembe za katoni, anaingiza mkono mpaka kiwiko. Dirisha halimwachilii kila mtu, hao wachanga wasio na nguvu za kuinuka ni ushahidi, lakini wale wakubwa wenye vichwa vizito hawamo. Beseni la buluu liko chini ya meza, kavu.

"Hawako," anasema kwa sauti ndogo. Kisha anapaza: "Lornah! Hawako!"

"Asante Yesu," anajibu Lornah, ambaye anaijua hadithi yote. "Sasa utauza nini?"

Ni swali la haki. Meza imejaa nusu, na nusu ya pili ni ubao mtupu uliosuguliwa. Yaya mmoja aliyezoea kununua vipande vinne amefika, ameangalia, ameenda zake kutafuta maharagwe. Veronicah amemfuata kwa macho mpaka akapotea. Hajifanyi kwamba haumii.

Lakini ubao huo hautakaa mtupu, kama mipango ya Ochola itashika. Wateja wa Westlands wanataka kamba waliokwisha kumenywa, na vichwa hubaki kwa Bi Mabruka, ambaye alikuwa akivitupa kwa kukosa wa kuvitaka. Ochola alivitaka. Amevichemsha na nyanya, dania na pilipili, na nazi aliyopewa na Bi Mabruka pamoja na maelekezo marefu ya namna ya kuikuna. Mara ya kwanza alivileta sokoni vikiwa vizima, na Kangemi ilikimbia. "Hii supu inaniangalia," alilalamika mteja mmoja akirudisha kikombe. Sasa Ochola huvitwanga na kuvichuja, na supu haimwangalii mtu tena. Kikombe ni shilingi ishirini.

Anataka sufuria ya pili iliyo kubwa, na kigoda chenye mgongo, maana hawezi kusimama kutwa. Mkewe anataka bati la kuwafunika wote wawili mvua ikinyesha. Na ana hamu nyingine, ambayo huitaja akiona haya kidogo, kwamba siku moja watoto wakimchangia nauli ataenda mpaka huko mdomoni mwa mto, amwamkie nahodha ambaye hajawahi kumwona, na alishike hilo dirisha kwa mkono.

"Nataka tu nione pahali wanapitia," anasema.

Jiko limewaka. Ochola amefika, sufuria ikiwa juu ya mkokoteni wa jirani na yeye akitembea nyuma yake polepole, mkono mmoja kiunoni. Harufu inatangulia. Mfua nguo mmoja, mteja wa zamani, anainamia meza na kuikagua.

"Mama Debra, leo Baba Ndevu hayuko?"

"Amebaki nyumbani na watoto," anajibu Veronicah.

Watu wanacheka na kuanza kupanga foleni mbele ya sufuria. Veronicah anachota kikombe cha kwanza, kimejaa mpaka ukingoni, na mfua nguo ananyoosha mkono. Kikombe kinampita. Kinaenda kwa Ochola.

"Kunywa."

"Watu wanangoja, Mama Debra."

"Wangoje."

Wanangoja. Ochola anapuliza, anakunywa, anapuliza tena, na mkewe amesimama mbele yake na upawa mkononi, hamtazami mtu mwingine. Anapomaliza anakigeuza kikombe juu chini ili amwonyeshe. Tone moja linaanguka. Ndipo Veronicah anapougeukia mstari na kuuliza nani alikuwa wa kwanza.